Chumvi Ipi? Uhakiki wa Istilahi za Maji katika Ufugaji wa Samaki na Mboga Nyumbani

Kazi ya kusanifu istilahi za Kiswahili ina umri wa kutosha sasa kukosolewa bila hofu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Katika miaka ya 1970 likaanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikachapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Shabaha ya kazi hizo ilikuwa wazi: mwalimu na mwanafunzi wapate neno la Kiswahili pale palipokuwa na neno la kigeni. Shabaha hiyo ni njema, wala hatukusudii kuibeza. Lakini yako maneno ambayo hayaishii darasani. Hutoka humo yakaingia uani, yakamkuta mtu aliyeshika ndoo, ambaye hafanyi mtihani bali anataka kujua atende nini. Huko neno likikosewa hakuna mwalimu wa kulisahihisha kwa wino mwekundu. Anayesahihisha ni samaki, naye husahihisha kwa kufa.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi chache za maji zinazotumiwa na watu wanaofuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale, kazi ambayo wengi huiita akwaponiki. Jina la kazi yenyewe tunaliacha lilivyo. Ni neno la mkopo lililokwisha kupata mdomo wa Kiswahili, na hakuna aliyepata hasara kwa sababu yake. Hasara imo katika maneno madogo yaliyo ndani ya kazi: baridi, chumvi, kichujio, mzunguko, tindikali. Haya ni maneno anayoyajua kila mtu. Na kwa kuwa kila mtu anayajua, hakuna anayeuliza maana yake.

Kazi yenyewe

Yafaa kwanza tuieleze kazi kwa ufupi, ili msomaji asiye mfugaji asiachwe nyuma. Samaki, hasa sato au kambale, hukaa katika tangi. Maji ya tangi hupandishwa kwa pampu ndogo hadi katika beseni pana lililojaa kokoto na kupandwa mchicha, figiri au nyanya. Yakishapita katikati ya kokoto hurudi tangini. Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua yao, na mabaki ya chakula yakioza huongeza amonia nyingine. Amonia ni sumu. Juu ya kokoto huishi bakteria wa makundi mawili. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mboga huifyonza na kukua. Mwanasayansi Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Dola ya Urusi, ndiye aliyewatenga bakteria wa namna hii mnamo mwaka 1890. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa akwaponiki ndogo wa mwaka 2014, linataka amonia na nitriti zisifike miligramu 1 kwa lita, nitrati iwe baina ya miligramu 5 na 150 kwa lita, na pH ikae baina ya 6 na 7.

Shida huanza pale tangi linapokuwa jipya. Samaki huingia siku ya kwanza, lakini bakteria hawajafika. Kwa kawaida huchukua wiki tatu hadi sita kabla ya makundi yote mawili kukaa na kuzaana vya kutosha, na wakati wa baridi huchukua zaidi. Katika wiki hizo mfugaji hana msaada mwingine ila kupima maji yake na kusoma maelekezo. Hapo ndipo istilahi inapobeba mzigo wake wote.

Kwa nini Tabora

Tumeuchagua mji wa Tabora kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Kiswahili hakikufika Unyanyembe kwa kitabu cha shule. Kilifika kwa miguu, katika vinywa vya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba mizigo kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo, hata kufika mahali njia ilipogawanyika, moja ikienda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipoingia Kaze mwezi wa Novemba 1857 walikikuta Kiswahili kimekwisha kutangulia. Kwa hiyo watu wa njia hii wana mazoea ya kale ya kuyapa majina mambo ya kazi, bila kungoja kamati.

Sababu ya pili ni ya maji yenyewe. Katika ua mmoja wa Tabora waweza kukuta maji ya namna tatu: ya mvua yaliyokingwa paani, ya kisima, na ya bomba. Tangu ulipozinduliwa mradi wa maji ya Ziwa Viktoria mwezi wa Januari 2021, bomba la Tabora limeungana na ziwa lililo mbali upande wa kaskazini. Maji hayo matatu hayafanani kwa tabia, ingawa yote huonekana meupe ndani ya kikombe. Mfugaji anahitaji maneno matatu yaliyo tofauti, na mara nyingi ana neno moja tu.

Kuna jina moja la njia ya misafara ambalo tutalirudia katika uhakiki huu. Baina ya Mpwapwa na Ugogo ilikuwako nyika iliyoitwa Marenga Mkali. Marenga, kwa lugha za wenyeji wa upande huo, ni maji. Mkali ni neno la Kiswahili, na hapo lilimaanisha maji yenye magadi na chumvi yasiyonyweka. Jina hilo halikuwa na kipimo wala jedwali, lakini lilimwambia mpagazi jambo moja aliloweza kulitenda: jaza kibuyu chako kabla hujatoka Mpwapwa. Hiyo ndiyo istilahi iliyotimiza kazi yake. Na tuyapime maneno ya leo kwa kipimo hicho.

Maji baridi

Vitabu vya uvuvi na vijikaratasi vya maelekezo huwaita samaki wa mito na maziwa samaki wa maji baridi. Kwa mtu wa pwani neno hili lina mantiki. Yeye anayo bahari mbele yake. Maji ya baharini ni ya chumvi, na maji ya kisimani, yanayonyweka, ni baridi. Maneno mawili yanasimama yakitazamana, na kila moja linalishikilia jingine.

Lakini lipandishe neno hilo garimoshi, ulishushe Tabora, zaidi ya kilometa 800 kutoka baharini. Huku hakuna bahari ya kulishikilia. Maji baridi ya Tabora ni yale yaliyotoka mtungini au katika jokofu. Mfugaji mpya akiambiwa kwamba sato ni samaki wa maji baridi, atafanya lililo la busara: ataliweka tangi chini ya mwembe, kivulini, mahali jua lisipofika. Mwezi wa Juni na Julai, usiku wa Tabora hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Sato hupenda maji ya nyuzi 27 hadi 30; yakipoa sana huacha kula. Chakula kinachobaki huoza na kuwa amonia, na bakteria ambao wangeigeuza amonia hiyo nao wamezubaa kwa baridi ile ile. Hapa neno limeshirikiana na majira kumwangusha mfugaji, na hali kila alichokifanya kilikuwa utii wa maelekezo.

Kiswahili kina neno bora tangu zamani, nalo ni maji matamu. Linajulikana Unguja, Mombasa na bara. Halisemi lolote juu ya joto, na linasimama vizuri mbele ya maji makali, kama wapagazi walivyoyapambanua. Tunapendekeza kwamba katika maandishi yote ya ufugaji, samaki hawa waitwe samaki wa maji matamu, na neno baridi liachiwe kazi yake ya kutaja baridi.

Chumvi

Hakuna bidhaa iliyoijua njia hii kuliko chumvi. Chumvi ya Uvinza, iliyopikwa kutokana na maji ya chemchemi za huko karibu na mto Malagarasi, ilisambazwa mbali magharibi mwa nchi kabla ya reli na baada yake. Mtu wa Tabora aliposema chumvi, alimaanisha ile.

Leo neno hili limepewa mizigo minne, na hakuna aliyeipima kama linaiweza. Kwanza ni chumvi ya kula. Pili, katika kemia, chumvi ni jina la jamii nzima ya kampaundi zinazopatikana asidi inapokutana na besi. Tatu, mbolea za viwandani huitwa chumvichumvi, na katika mkoa wa tumbaku kama Tabora hakuna mkulima asiyelijua jina hilo. Wengi hulifupisha wakasema mbolea ya chumvi. Nne, maji ya kisima yasiyotoa povu la sabuni huitwa maji ya chumvi, hata kama hayana ladha yoyote ya chumvi, na kilichomo ni chokaa iliyoyeyuka.

Tulipata kumtembelea mzee mmoja mjini Tabora, mstaafu wa reli, ambaye alikuwa na tangi la lita 1000 na mabeseni mawili ya kokoto. Samaki wake walianza kupanda juu ya maji na kutweta. Alikuwa na karatasi ya maelekezo, imetafsiriwa kwa Kiswahili kisicho na kosa la sarufi hata moja. Karatasi ilisema kwamba nitriti ikipanda, mfugaji atie chumvi, gramu moja kwa kila lita. Tulipofika tangi lilikuwa tupu.

"Wanangu," alituambia, "karatasi ilisema nitie chumvi, nikatia. Ya jikoni ilikuwa kijiko. Ya shambani nilikuwa nayo nusu gunia."

Inafaa tuitazame karatasi hiyo kwa haki. Ushauri wake ulikuwa sahihi. Nitriti huingia katika damu ya samaki kwa mlango ule ule wa matamvua unaopitisha kloridi. Ikishaingia huibadili damu ikawa ya rangi ya kahawia, isiweze tena kubeba oksijeni. Samaki hukosa pumzi ndani ya maji yaliyojaa hewa. Chumvi ya kula ina kloridi. Ikitiwa kilo moja katika lita 1000, kloridi huujaza mlango huo na nitriti hubaki nje, mpaka bakteria wa kundi la pili watakapokuwa tayari. Lakini kilo moja ya salfeti ya amonia, ambayo ni chumvichumvi ya kawaida kabisa, ina gramu 210 hivi za naitrojeni iliyo katika umbo la amonia. Ndani ya lita 1000 ni miligramu 210 kwa lita, mahali ambapo miligramu 1 ndiyo mpaka. Mzee huyu hakukosea kusoma. Alisoma neno lenye maana nne, akachagua maana iliyokuwa stooni kwake.

Mwandishi wa karatasi angeweza kujitetea kwamba kila mtu anajua chumvi ni chumvi. Sisi tunasema kwamba mwenye kuandika istilahi hana ruhusa ya utetezi huo. Palipo na maana nne, kazi yake ni kufunga milango mitatu. Tunapendekeza basi: iandikwe chumvi ya kula, kwa maneno yote matatu, kila mara na bila kufupisha, chumvichumvi iitwe mbolea ya viwandani pamoja na jina lake mahususi, na maji yasiyotoa povu yaitwe maji magumu, kama yanavyoitwa katika vitabu vya sayansi. Chumvi peke yake ibaki kwa wanakemia, ambao wana jedwali la kuwalinda.

Kichujio na mzunguko

Maneno mawili yanayofuata ni watoto wa tafsiri ya neno kwa neno. Beseni la kokoto, kwa kuwa ndimo bakteria wanamokaa, limeitwa kichujio cha kibaiolojia. Na zile wiki za kungoja bakteria zimeitwa kuzungusha tangi, kwa kuwa lugha ya asili imelitoa jina lake katika mzunguko wa naitrojeni.

Kichujio kwa Kiswahili ni kitu cha kuchujia. Kinazuia takataka, na kwa sababu hiyo kinachafuka, na kikichafuka huoshwa. Mama anayechuja tui la nazi haachi kichujio kikauke na machicha yake. Basi mfugaji akiona kokoto zimepata utelezi wa rangi ya udongo, atazitoa, atazisugua, atazisuuza kwa maji ya bomba. Utelezi ule ndio bakteria wenyewe. Na maji ya bomba yametiwa dawa, yaani klorini, ambayo imewekwa humo makusudi iue vijidudu. Kwa usafi wake mfugaji amerudi siku ya kwanza, na samaki wote wamo ndani.

Kuzungusha nako kunapotosha kwa namna yake. Anayeambiwa azungushe tangi kwa wiki nne huwasha pampu, maji yakazunguka wiki nne, kisha akatia samaki. Lakini maji matupu hayaleti bakteria. Bakteria hawa hula amonia. Pasipo amonia hawana sababu ya kuja. Mfugaji amezungusha maji kwa uaminifu, na hakuna kilichokomaa ila ankara ya umeme.

Hapa tunadhani Tabora inalo neno ambalo mezani halikutafutwa. Mkoa huu ni wa nyuki. Chuo cha Nyuki kiko Tabora, na kutundika mizinga na kurina asali ni kazi ya Wanyamwezi tangu kale. Mtundika mizinga anajua mambo manne ambayo mfugaji wa samaki anahangaika kuyajifunza. Anajua kwamba mzinga mpya ni mtupu, na kwamba kuutundika si kupata nyuki. Anajua kwamba nyuki hawaji mahali pasipo na chakula. Anajua kwamba ukiupaka nta ya mzinga wa zamani, huingia upesi zaidi. Na anajua kwamba mzinga ukishaingia nyuki, hauoshwi kwa sabuni.

Yote manne yanafaa kwa beseni la kokoto. Ni tupu mwanzoni. Lazima lipewe amonia kidogo kidogo, kwa samaki wachache au kwa chakula kidogo kinachoachwa kioze. Ukichukua konzi chache za kokoto kutoka kwa jirani ambaye tangi lake limekwisha kukomaa, bakteria huenea upesi, kama ile nta. Na likipata tope, husuuzwa taratibu kwa maji ya tangi lenyewe, si ya bomba. Maji ya bomba, kama ni ya kuongeza tangini, yakae kwanza siku moja au mbili katika chombo kilicho wazi ili klorini itoke.

Tunapendekeza basi mzinga wa bakteria mahali pa kichujio cha kibaiolojia, na kungoja mzinga mahali pa kuzungusha tangi. Mtu akisikia kwamba mzinga wake haujaingia, hatahitaji ukurasa wa maelezo. Atajua hawezi kurina.

Nitriti na nitrati

Juu ya majina haya mawili tuna malalamiko ya namna nyingine. Kwanza, hatujakubaliana jinsi ya kuyaandika. Wengine huandika nitriti na nitrati, wengine naitraiti na naitreti. Na wengi huandika naitrojeni. Jina la mzazi tumelichukua kwa sikio la Kiingereza, na majina ya watoto mara kwa sikio, mara kwa jicho. Baraza likitaka kufanya kazi moja ndogo yenye faida kubwa, na lichague jozi moja na kuishikilia.

Pili, jozi yoyote itakayochaguliwa itatofautiana kwa irabu tu, na irabu hiyo inatenganisha sumu na chakula. Nitrati ya miligramu 40 kwa lita ni habari njema, mboga zitashiba. Nitriti ya miligramu 40 ni msiba. Ziseme kwa simu, pampu ikinguruma nyuma yako, na umuulize wa upande wa pili amesikia ipi. Hatupendekezi kuyafuta majina haya, maana ni ya dunia nzima, na yameandikwa pia juu ya vichupa vya kupimia. Tunapendekeza yapewe wenzi katika maandishi yote ya watu wa kawaida: nitriti sumu na nitrati lishe. Watu wawili wenye jina moja kijijini huongezewa jina la baba au la kazi, na hakuna anayeona ni aibu.

Tindikali, magadi na uhimilivu

Alama pH iliundwa na Søren Sørensen mjini Copenhagen mwaka 1909. Baadhi ya watafsiri wetu wameona haifai kuiacha ilivyo, wakaiita kiwango cha tindikali. Kosa la jina hili ni la hesabu kabla ya kuwa la lugha. Kiwango cha kitu kikiongezeka, kitu chenyewe kimeongezeka. Kiwango cha maji mtoni kikipanda, maji yamezidi. Lakini pH hupanda tindikali inapopungua. Anayesoma kwamba kiwango cha tindikali ni 8, naye jana alikuwa na 6, ataamini kwamba maji yake yamezidi ukali, kumbe yamepungua. Tena kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi, si nyongeza ya moja. Mtu huyo amekosea mara mia, na amekosea upande. Zaidi ya hayo, tindikali katika masikio ya wananchi ni ile ya betri, inayounguza ngozi. Maji ya pH 6 hayaunguzi mtu, mboga huyapenda. Tunashauri pH ibaki pH, isomwe pi-echi, kama tunavyoacha alama nyingine za kemia, na maelezo yaseme waziwazi: ikishuka chini ya 7 maji yamechachuka, ikipanda juu ya 7 yamekuwa ya magadi.

Tumelitaja magadi kwa kusudi. Kila jiko lina habari zake, na mfugaji akiona pH imeshuka, ataliendea. Magadi hupandisha pH kweli. Lakini sehemu ya amonia iliyo sumu kali hutegemea pH hiyo hiyo. Katika maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu hiyo haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Ikiwa 8 huwa asilimia 5 hivi. Ikiwa 9 hupita asilimia 35. Basi anayetia magadi kwa pupa katika tangi jipya lenye amonia huiamsha sumu iliyokuwa imelala. Maelekezo yasiyosema pima amonia kwanza yanampa mtu kisu bila mpini.

Hapa pana pengo ambalo istilahi zetu hazijaliziba. Maji yana tabia mbili: alivyo leo, na uwezo wake wa kuvumilia asidi ya kesho. Bakteria wanapoigeuza amonia hutoa asidi kila siku. Maji ya kisima yenye chokaa huinyamazisha asidi hiyo kwa muda mrefu. Maji ya mvua hayana akiba, na pH yake huweza kuporomoka ghafla hata bakteria wakaacha kazi. Tabia hii ya pili haina jina la Kiswahili linalotumika uani. Vijikaratasi huiita ualkali, jina linaloichanganya na ile ya kwanza. Tunapendekeza uhimilivu wa maji. Uhimilivu unaweza kuwa mwingi au mdogo, unaweza kuliwa ukaisha, na unaweza kuongezwa taratibu kwa maganda ya mayai yaliyopondwa au kwa chokaa kidogo. Mfugaji atakayeambiwa kwamba maji ya paa lake hayana uhimilivu ataelewa kwa nini jana yalikuwa mazuri na leo mabaya.

Majibu kwa pingamizi

Huenda wataalamu wakatujibu kwamba mzinga ni tamathali, na sayansi haitaki tamathali. Sisi tunauliza mkondo wa umeme ni nini. Mkondo ni wa mto na wa bahari. Umeme umeuazima, na hakuna anayeogopa kwamba waya utalowa. Tamathali nzuri ni ile inayoongoza mkono upande ulio sawa. Tunakubali kwamba mzinga una upungufu wake: nyuki huonekana wakiingia, bakteria hawaonekani, na kwa hiyo mwenye mzinga wa kokoto hana budi kupima ili ajue. Upungufu huo waweza kuelezwa kwa sentensi moja. Upungufu wa kichujio huelezwa kwa mizoga.

Wengine watasema kwamba kuchukua neno kutoka Tabora ni kuigawa lugha ya taifa kwa mikoa. Lakini mzinga unajulikana kutoka Pemba hadi Kigoma, na maji matamu vilevile. Hatukuleta neno geni. Tumelipeleka neno la nyumbani mahali lilipokuwa likihitajika. Kiswahili kilichopita njia hii kilifanya hivyo kila kituo.

Hitimisho

Tumependekeza maji matamu, chumvi ya kula, maji magumu, mzinga wa bakteria, kungoja mzinga, nitriti sumu, nitrati lishe na uhimilivu, na tumeomba pH iachwe. Baraza laweza kuyakataa yote, nasi hatutanung'unika, kama litakayoyaweka badala yake yatakuwa yamepimwa. Kipimo tunachokiomba ni kimoja. Kabla istilahi yoyote inayomwamuru mtu kutenda haijasanifiwa, na isomwe mbele ya mtu aliyeshika ndoo, kisha aulizwe: sasa utafanya nini? Jibu lake lisipokuwa lile tulilolikusudia, neno na lirudi mezani.

Mpagazi aliyeambiwa Marenga Mkali alijua la kufanya na kibuyu chake. Yule mzee wa Tabora ametia maji mapya tangini, na juu ya kopo la jikoni ameandika kwa mkaa: chumvi ya samaki. Ameunda istilahi yake mwenyewe, baada ya hasara. Ilitupasa sisi tuwe tumemtangulia.